Usimkimbize mtoto aliyevuta kole

Mimi ni fundi wa viatu. Benchi yangu iko kwenye kona, si mbali na soko la Virunga hapa Goma, juu ya mawe meusi tuliyoachiwa na volkano tarehe 17 Januari 2002. Kibanda changu cha kwanza kilikwenda na moto ule. Nilianza upya na sindano tatu, nyundo moja na kopo la kole, gundi ya viatu, la mkopo. Kwa hiyo kole naijua. Naijua kwa harufu na kwa rangi, naijua ikiwa muuzaji ameichanganya na esanse, yaani petroli, ili iongezeke, naijua ikiwa imezeeka. Nilichochelewa kukijua ni kile inachomfanyia mtoto anayevuta mvuke wake ili alewe.

Ninaandika kwa fundi mwenzangu aliyeacha kopo wazi miguuni, kwa mama au papa aliyesikia harufu ya ajabu kwenye shati la mwanawe, na kwa mpita njia anayekuta maibobo, mtoto wa mitaani, amelala kando ya ukuta kule Birere, chupa ikiwa bado mdomoni. Mimi si daktari. Mengi nilifundishwa na mama mmoja muuguzi, mengine nimeyaona hapa benchini.

Siku niliyomkimbiza

Mtoto huyo nitamwita Safari. Jina lake si hilo. Alikuwa na miaka kama kumi na moja. Asubuhi moja mwaka 2019 nilikuwa nimeinama nashona kandambili za mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, nikaona mkono mdogo unachovya chupa kwenye kopo langu. Niliruka, nyundo mkononi, nikapiga kelele: "Mwizi!" Safari alikimbia kama hatua arobaini, akapenya kati ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao, zilizobeba makaa, akaanguka kifudifudi.

Nilidhani amejikwaa. Nilipomgeuza, macho yalikuwa nusu wazi na midomo imekuwa ya kijivu. Ndani ya mkono wa shati lake kulikuwa na chupa nyingine, ya zamani, imeshikwa na nguo kwa kole iliyokauka. Alikuwa amevuta kabla ya kuja kwangu. Pale kwangu alikuja kuongeza.

Mama muuguzi alikuwa anapita kwenda kazini. Alinisukuma pembeni, akamlaza Safari ubavu, akaingiza kidole akatoa kipande cha mkate kilichobaki kinywani, akainamisha sikio karibu na pua. Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja alitaka kummwagia maji, mwingine alisema apigwe kofi azinduke. Mama yule alifukuza wote kwa mkono mmoja bila kuinua kichwa. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, Safari alikohoa.

"Papa, ulikuwa unamkimbiza?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi leo Mungu amekuhurumia wewe zaidi kuliko huyu mtoto."

Alirudi jioni, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Moyo wa mtu aliyevuta kole au esanse unakuwa mwepesi mno kushtuka. Mtu akiogopa ghafla au akikimbia, mwili unamwaga adrenalini, ile inayofanya moyo uende mbio. Moyo wa kawaida unaistahimili. Moyo uliolewa mvuke wa kole unaweza kupoteza mpigo wake, ukawa unatetemeka tu badala ya kusukuma damu, na mtoto anakufa palepale. Haihitaji awe amevuta miaka mingi. Inaweza kutokea hata mara ya kwanza kabisa. Jambo hili linajulikana zamani: mwaka 1970 daktari mmoja wa Marekani, Millard Bass, alichapisha habari za vifo 110 vya ghafla vya vijana waliovuta mvuke wa namna hii. Wengine walianguka mara tu baada ya kukimbia au kujichosha.

Tangu siku ile, nikiona watu wa mtaani wanamfukuza maibobo huku wanapiga miluzi, nasimama katikati ya njia. Nimetukanwa kwa hilo. Ameiba simu? Simu inanunuliwa tena.

Kile kinachoruka

Ili uelewe mtoto anavuta nini, mwangalie fundi anavyobandika soli. Ukipaka kole hubandiki hapo hapo. Unasubiri dakika 10, dakika 15, unagusa kwa mgongo wa kidole. Ikiacha kunata kwenye ngozi ndipo unabandika na kupiga nyundo. Katika dakika hizo kuna kitu kimeondoka. Kole ilikuja majimaji, sasa ni ngozi kavu. Kile kilichoruka hewani ndicho mtoto anachokitafuta kwenye chupa.

Kwenye kole nyingi za viatu kitu hicho ni tolueni, na nyingine zina heksani. Esanse tunayouziwa na kadhafi, mchuuzi wa kando ya barabara, kwenye vidoo (madumu) ina ndugu zao, pamoja na benzeni, ambayo huharibu uboho wa mifupa unakotengenezwa damu na inaweza kuleta kansa ya damu. Dawa ya kuyeyushia rangi, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, gesi ya kibiriti cha kujazia: majina tofauti, mlango ni ule ule.

Vitu hivi vinapenda mafuta. Ndiyo maana vinayeyusha mpira, na ndiyo maana tone la kole likianguka kwenye kiatu kilichopigwa rangi, rangi inatoka nalo. Sasa ubongo wa mtu umejaa mafuta. Nyuzi zake zimefunikwa utando wa mafuta kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Mvuke unaingia mapafuni, unafika kichwani kwa sekunde chache, unakwenda kukaa kwenye utando ule. Mtoto anasikia kichwa chepesi, anacheka, anaona mambo ambayo hayapo. Baada ya dakika 15, dakika 30 hivi, yamekwisha, anavuta tena. Mlevi wa kasiksi, pombe ya ndizi, anajulikana jioni. Mtoto wa kole chupa yake anashinda nayo kutwa na kulala nayo.

Akiendelea miezi na miaka, utando ule unaliwa. Mikono inatetemeka, anatembea kama mlevi hata siku ambayo hajavuta, anasahau, masikio na macho yanapungua nguvu. Tolueni inafanya figo zimwage potasiamu ya mwili, mpaka misuli inalegea mtoto hawezi kuinuka alipokaa. Nimemwona mmoja ambaye wenzake walimbeba kwenye chukudu kama gunia. Watu walisema amerogwa. Heksani inakula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Huko Japani, katika miaka ya 1960, mafundi waliokuwa wanabandika ndala majumbani mwao walianza kufa ganzi miguu, wengine wakashindwa kutembea. Hao hawakuwa wanajilewesha. Walikuwa mafundi kama mimi, wamefungiwa ndani na kopo wazi. Mimi pia vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi, na tangu nijue habari hiyo sifanyi tena kazi ya kole ndani ya kibanda, hata mvua ikinyesha.

Ukimkuta amelewa

Kitu cha kwanza ni sauti yako. Ishushe. Usimjie kwa nyuma, usimshike shati, usimnyang'anye chupa kwa nguvu. Mjie kwa mbele akuone, chuchumaa uwe kimo chake, mwite kama unavyomwita mtoto wa nyumbani. Mimi nasema, "Mwanangu, nipe nikushikie, ule kwanza," na ninanyoosha mkono wenye andazi. Mara nyingi mkono wake wenyewe unabadilisha. Asipotaka, kaa naye hivyo hivyo. Chupa itaisha harufu kabla ya uvumilivu wako, kama unao.

Msogeze penye hewa, na mbali na moto. Hili la moto watu wanalisahau. Mtoto aliyelowa esanse kwenye mkono wa shati akikaa karibu na mbabula (jiko la makaa) ya mama muuza mahindi, cheche moja inatosha. Ikiwa nguo imelowa, mvue, mfunike kitenge, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Waliomzunguka wazime sigara. Kama ana mfuko wa plastiki usoni, huo utoe kwanza kabla ya kitu kingine chochote: wengi wanakufa kwa kukosa hewa ndani ya mfuko.

Mkalishe. Usimwache asimame azunguke, maana barabara zetu zina malori na motari, waendesha pikipiki, wasiosubiri mtu. Usimpe chai, maziwa wala chakula wakati anasinzia. Vitaingia njia ya hewa. Lile andazi ni la kushika mkononi, atalitafuna akishakuwa macho kabisa. Usimmwagie maji baridi. Usimuulize maswali ya polisi. Kaa naye mpaka ulevi utoke, nusu saa au saa nzima. Usiondoke ukidhani amelala tu.

Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kielekee nyuma kidogo, mdomo uangalie chini ili matapishi yatoke. Mchunguze pumzi kila wakati.

Akiwa hapumui, au anapumua kwa kukata kata kama samaki aliyetolewa majini, piga kelele za kuomba watu na uanze kusukuma kifua. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja unatosha, kwa kijana tumia miwili. Sukuma mpaka kifua kishuke kama theluthi ya unene wake, kisha kiache kirudi, haraka haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mara 30, mwinue kidevu, mfunge pua, mpulizie pumzi 2 mdomoni uone kifua kinapanda. Futa kole midomoni kwanza. Usiache kwa sababu umechoka. Mpe mtu mwingine, uendelee.

Wakati huo mwingine anatafuta gari. Ikiwa anapumua na ipo pikipiki tu, akae katikati, dereva mbele, mtu mzima nyuma amkumbatie, kichwa kisining'inie. Mtoto aliyezimia hafungwi kwa kitenge mgongoni mwa motari peke yake; nimeliona hilo likifanyika.

Ukifika hospitali, sema wazi alivuta nini, saa ngapi, na kwamba alikimbia au la. Peleka na chupa, imefungwa vizuri. Usione haya ukasema "ameanguka tu". Daktari akijua ni kole au esanse ataangalia moyo, na atakuwa mwangalifu na dawa zinazoharakisha moyo, kama hiyo adrenalini. Akidanganywa, dawa nzuri inaweza kumuua. Hakuna sindano ya kuondoa kole mwilini. Wanachofanya ni kumpa oksijeni, kulinda moyo na pumzi, kurekebisha chumvi za mwili kama ile potasiamu, na kusubiri.

Neno kuhusu esanse iliyomezwa, kwa sababu watoto wa makadhafi wanaifyonza kwa mpira kutoka kidoo hadi tangi. Akimeza, usimtapishe. Najua tulivyolelewa: mtu amekula sumu, mpe maziwa, mpe mafuta ya mawese, atapike. Kwa esanse ni hatari. Ikipanda tena inaingia mapafuni na kuyachoma, na hapo ndipo inapoua. Usimpe kitu, mpeleke hospitali.

Nyumbani

Wapo wazazi wanaosoma hapa wakiwaza kwamba mambo haya ni ya maibobo. Nina wateja wa Himbi na Katindo, watu wa nyumba za geti, na mmoja wao alinijia na viatu vya shule vya binti yake wa miaka kumi na nne. Akasema kwa sauti ya chini kwamba chupa za asetoni zinaisha nyumbani na hakuna anayepaka rangi kucha kiasi hicho. Alikuwa amekuja na viatu kama kisingizio tu. Havikuwa na tatizo lolote.

Angalia ngozi ya kuzunguka mdomo na pua. Kwa mvutaji inakauka, inapasuka, inaota vipele vyekundu, kama mtoto mwenye mafua yasiyopona. Kwa wanaovuta kole utaona magamba madogo, ya njano au meusi kwa vumbi, yanayobanduka kama ganda la kitunguu. Hayo nayatambua hata kutoka upande wa pili wa barabara, kwa sababu ninayo vidoleni kila siku. Sikia pumzi yake na nguo zake. Macho mekundu bila kilio, pua inayochuruzika, maneno yanayoburuta, kichwa kuuma kila asubuhi, chakula hakitamaniki, hasira zinazokuja na kuondoka ghafla. Tafuta vitambaa vilivyofichwa vyenye harufu, mifuko yenye madoa, kibiriti cha gesi kwa mtoto ambaye havuti sigara. Alama moja peke yake si ushahidi. Zikiwa tatu au nne pamoja, keti naye.

Keti naye akiwa mzima, si akiwa amelewa. Usianze na "nani amekufundisha", maana atalinda rafiki zake na mazungumzo yatakufa. Sema ulichokiona: "Nimeona chupa tatu tupu chini ya kitanda. Naogopa kwa ajili yako." Kisha nyamaza, hata ukimya ukiuma. Mweleze habari ya moyo. Watoto wengi hawajawahi kuisikia, wanafikiri kole inachafua tu. Na kwa wadogo ambao hawajajua lolote, usiwasomee orodha ya vitu vinavyolewesha. Mtoto wa miaka saba mwambie tu kwamba harufu kali ya kole, rangi na esanse ni sumu, tunafungua dirisha, hatunusi. Inatosha.

Fimbo? Nimelelewa kwa fimbo, na sijaona hata mtoto mmoja aliyeacha kole kwa fimbo. Nimeona waliohama nyumba kwa sababu yake.

Kopo

Sasa wewe fundi mwenzangu. Kole haitembei. Kila tone lililo kwenye chupa ya mtoto limepita kwenye mkono wa mtu mzima, na kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa wangu. Nilikuwa nauza kizibo kimoja cha kole kwa franga chache. Watoto walisema, "Papa fundi, ni ya kubandika mpira," na mimi nilitaka kuamini kwa sababu pesa ile ilinunua chumvi ya siku. Hakuna mpira uliobandikwa. Nilijua.

Acha kuuza kwa kipimo. Anayetaka kubandika kiatu alete kiatu. Mimi nabandika bure kandambili ya mtoto yeyote aliye peku, na haijanifilisi.

Kopo kubwa libaki nyumbani, limefungwa. Asubuhi mimina ya siku hiyo tu kwenye chombo kidogo chenye mdomo mwembamba, brashi ipite lakini chupa isichovywe. Kati ya soli na soli kifunike; nimekata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, nakivuta juu ya mdomo kinakaa kama ngozi ya ngoma. Faida yake utaiona mfukoni, kwa sababu kole inayoruka hewani ni pesa inayoruka. Kopo lililoisha usilitupe jalalani wala usilichome: bado lina mvuke, watoto wanaliokota, na motoni linawaka vibaya. Liache wazi juu ya paa, juani, siku mbili tatu, likauke kabisa, ndipo utoe ile ngozi na kulitupa. Kijana unayemfundisha kazi apake kole nje, na asishinde nayo kutwa. Mpe kushona, mpe kukata.

Kwenye barabara yetu kuna mafundi wengine saba. Ilinichukua karibu mwaka kuwashawishi sita. Watano walikubali baada ya kumwona Safari, mmoja kwa sababu mwanawe mwenyewe alikamatwa na chupa. Wa saba bado anauza. Sijamwacha; kila Jumamosi baada ya salongo, usafi wa pamoja wa mtaa, namnunulia chai na tunazungumza tena jambo lile lile.

Kumtoa huko

Baada ya siku ile Safari alipotea wiki mbili, kisha akarudi kukaa mbali kidogo, kama mbwa aliyepigwa. Nilimwomba msamaha. Hakujibu. Siku ya tatu nilimuuliza kwa nini anavuta, na jibu lake nimelihifadhi kama alivyolisema: "Usiku iko baridi, papa. Nikivutaka, nasahau baridi, nasahau njaa, nasahau na mama."

Goma iko juu, karibu mita 1,500, na mawe ya lava yakilowa mvua yanatoa baridi mpaka mifupani. Mtoto aliyelala juu yake bila blanketi amepata dawa yake, na dawa yenyewe ni ya bei ya chini kuliko mkate. Ukimnyang'anya dawa hiyo bila kumpa blanketi, umemnyang'anya usingizi. Kwa hiyo anza na tumbo na baridi. Nilianza na kikombe cha uji wa sosoma kila asubuhi, kwa sharti moja tu: chupa haifiki benchini. Sikumwambia aache. Nilimwambia isifike hapa. Mwanzoni aliificha nyuma ya jiwe, anakunywa uji, anairudia. Baada ya miezi alianza kukaa mpaka saa sita.

Siku za kwanza za kuacha ni mbaya. Halali, anatoka jasho, anatetemeka, kichwa kinamuuma, anakasirika kwa neno dogo. Hupita baada ya siku kadhaa, wengine wiki mbili. Mpe maji mengi, chakula kidogo mara nyingi, kazi ya mikono isiyo na harufu ya kole. Safari nilimpa nyuzi za kupaka nta. Kumbukumbu na mikono hurudi polepole, kwa miezi, na mengine hayarudi yote. Kwa hiyo mwalimu asimwite mjinga mtoto aliyerudi darasani.

Usijibebeshe peke yako. Don Bosco, kituo cha Wakatoliki kule Ngangi, wamepokea watoto wa mitaani wa mji huu kwa miaka mingi, na wana masomo na ufundi. Ikiwa mtoto anaona vitu, anataka kujidhuru, au hajarudi sawa hata baada ya kuacha, kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu ni mahali pake. Si chumba cha maombi cha kumfunga kamba. Na ikiwa alifukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi, kama Safari alivyofukuzwa baada ya mama yake kufa, jua kwamba sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto aliyetupwa au anayezurura ana haki ya ulinzi wa pekee. Nilimsomea baba yake mdogo kifungu hicho nikiwa na mzee wa avenyu. Hakumrudisha nyumbani, lakini aliacha kulisema neno lile hadharani.

Na ataanguka tena. Mpango wako uwe na nafasi ya kuanguka, la sivyo siku hiyo utamtukana na yote yataharibika. Safari alikaa miezi minane bila kole. Kisha kambi za wakimbizi wa vita za Kanyaruchinya na Bulengo zikajaa, mji ukajaa watoto wapya, akapata rafiki, chupa ikarudi. Akatoweka, akarudi, akaacha, akaanza. Sasa ni kijana, sauti imeshuka. Anashona vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake, ila mkono wake wa kulia unatetemeka akishika sindano nyembamba, basi nampa nene.

Juzi alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua. Kando ya mdomo kulikuwa na magamba mapya. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Nilivuta kiti nikakiweka upande wa upepo, nikamimina uji, nikaendelea kupanga viatu. Alikaa muda mrefu bila kusema. Halafu alinyoosha mkono akaniomba nyuzi.